Ngumi ya Golikipa

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Komeo amepiga magoti mbele ya goli lake mwenyewe, glavu zimelowa damu, na mbele yake amelala shemeji yake, kifua kimetulia kama cha maiti. Refa alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye nukta ya penalti. Dakika ya themanini na tisa, bao moja kwa moja. Na nyuma ya goli, uzio wa waya ulikuwa umeanza kulalia ndani.

Wewe uliyelikosa gazeti letu, chukua haya machache tuende pamoja. Komeo ni golikipa wa timu ya nyumbani, mtu wa miaka thelathini na mitano, na siku za kazi ni fundi wa majokofu. Timu yake imesota ligi ya pili kwa miaka kumi na minne. Hii ni mechi ya mwisho ya msimu: sare tu inaipandisha ligi kuu, lakini wageni wakishinda, wanapanda wao. Na mshambuliaji wa wageni, kijana mfupi, mwepesi, waliyembandika jina la Kiberiti, ni mdogo wake mke wa Komeo, tumbo moja. Aliishi nyumbani kwa Komeo miaka sita, akala sahani moja na wanawe, akafundishwa mpira uani, katikati ya majokofu mabovu yanayosubiri gesi.

Krosi ilikuja. Komeo alitoka na ngumi, Kiberiti akaruka na kichwa. Wakakutana hewani, na Kiberiti akadondoka chali, mzima mzima.

Sasa uzio ukaanguka.

Ulianguka wote kwa mpigo, nguzo na waya, na watu wakamwagika uwanjani kama mahindi kutoka kwenye gunia lililopasuka.

"Refa mwizi!"

"Mshikeni! Leo haondoki na meno!"

Refa alikuwa mtu mwembamba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alibaki kasimama pale pale kwenye nukta ya penalti, kipenga mdomoni, kidole bado kimenyooka. Labda alidhani hawa nao watatulia akiwatolea macho. Wa kwanza kumfikia alimpiga teke la tumbo. Wa pili alimvunjia mti wa kibendera cha kona mgongoni, ukakatika vipande viwili, na kile kipande chenye ncha jamaa akakikamata vizuri zaidi.

Komeo hakuwa na muda wa kuyaona hayo. Aliinama, akabandika sikio kifuani kwa Kiberiti.

Du. Kimya. Du.

"Yu hai!" akapiga kelele, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Shemeji! Shemeji, nisikie!"

Kiberiti alikoroma. Povu jembamba lenye wekundu likamtoka pembeni mwa mdomo.

Ghafla buti likapita karibu na shavu la Komeo na kutua kwenye mbavu za Kiberiti. Mwenye buti alikuwa shabiki mnene mwenye skafu ya timu ya nyumbani, anacheka.

"Kipa wetu! Umemweza! Mmalizie basi!"

Akamnyooshea Komeo mkono wa pongezi.

Komeo aliutazama ule mkono. Kisha akasimama na kumtandika ngumi ya mdomo iliyomrudisha yule bwana hatua tatu nyuma, akaketi kwenye nyasi akitafuta meno yake kwa vidole. Watu waliokuwa karibu wakapigwa na butwaa. Kipa wao kampiga shabiki wao! Butwaa lile lilimpa Komeo nafasi ya kumbeba shemeji yake begani kama mtungi wa gesi na kuanza kukimbia.

Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wameshatimua, kila mmoja na njia yake. Mawe yalikuwa yanatua. Moja likampata Komeo nyuma ya sikio, akaona vimulimuli. Alipofika kwenye nukta ya penalti akamkuta refa kalala kifudifudi, na yule jamaa wa kibendera kamsimamia, ncha iko juu, tayari kuishusha.

Mkono mmoja wa Komeo ulikuwa umeshika mgonjwa. Akatumia mguu. Alimpiga jamaa nyuma ya goti, likakunjika, jamaa akaangukia ncha yake mwenyewe na kuanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo haikulingana na mwili wake.

Komeo akamkwida refa ukosi.

"Amka, mwalimu! Kimbia!"

"Mechi haijaisha," alisema refa. Damu ilikuwa inamtoka puani, nayo ilimwingia mdomoni anapoongea. "Imebaki dakika moja na nyongeza."

"Kimbia, utazihesabu baadaye!"

Wakakimbia, mmoja anachechemea, mmoja kabeba, hadi kwenye mlango wa njia ya vyumbani. Pale mlangoni palikuwa na Nyundo.

Nyundo ndiye mkuu wa walinzi wa uwanja. Zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu, na klabu hii aliipenda kuliko alivyowapenda wake zake wawili, ambao walikwisha kumkimbia kwa sababu hiyo hiyo. Mkononi alikuwa na bomba la chuma.

"Komeo," alisema kwa upole, "umefanya kazi ya kiume. Peleka mgonjwa ndani. Huyo mwenye kipenga niachie."

"Pisha, Nyundo."

"Mgonjwa apite. Huyo anabaki."

"Nimesema pisha."

"Katunyima ligi kuu! Miaka kumi na minne, Komeo! Miaka kumi na minne tunacheza kwenye viwanja vya kuchungia ng'ombe, halafu huyu..."

Hakumaliza. Komeo, mikono yote ikiwa na kazi, alimpiga kichwa. Pua ya Nyundo ilitoa mlio kama biskuti. Komeo akamsukuma refa ndani, akageuka kumfuata, na hapo bomba la chuma likashuka.

Lilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Komeo alilisikia pigo kwanza, maumivu yakafuata baadaye. Glavu ya kushoto ikabaki inaning'inia na mkono ukiwa ndani yake, na kwa miaka yake ya ukipa alijua mara moja kilichovunjika. Hakumwachia Kiberiti. Alijikokota hadi chumba cha waamuzi, refa akabamiza mlango, akasukuma benchi nyuma yake.

Chumba kilikuwa kidogo: ndoano nne ukutani, sinki lenye bomba linalodondoka, harufu ya dawa ya kuchua misuli. Pembeni kulikuwa na mlango mwembamba wa mbao unaoingia chumba cha huduma ya kwanza. Mlango huo ukafunguka kwa kishindo.

Aliyeingia alikuwa mke wa Komeo. Usiku wa zamu ni muuguzi wa hospitali, na siku za mechi ni muuguzi wa timu ya mumewe. Alimwona mdogo wake sakafuni. Aliziona glavu. Akamzaba Komeo kofi lililotoa mwangwi.

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Mke wangu..."

"Usiniite mke wako! Nilikuwa pale kwenye benchi, nimeona kwa macho yangu mawili! Walikuambia kijana asimalize mechi, na wewe ukakubali!"

"Nani aliniambia? Sikuambiwa kitu!"

Kofi la pili. Komeo hakujikinga. Angejikinga na mkono gani?

"Dada," ilisikika sauti kutoka sakafuni. Alikuwa refa, kajiegemeza kwenye sinki. "Dada, hakumpiga."

"Wewe nyamaza!"

"Ngumi ilipiga mpira. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, na kazi yangu ni kutazama. Penalti nimeitoa kwa sababu beki namba tano alimvuta jezi. Huyu kijana alikuwa ameshageuza macho akiwa bado hewani. Hiyo damu ni ya ulimi. Aliung'ata alipoanguka."

Muuguzi alipiga magoti, akamfungua Kiberiti kope moja, kisha ya pili. Mboni zilikuwa zimenywea zikawa kama ncha ya sindano. Alimgusa paji la uso, mkono ukarudi umelowa jasho. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma. Mwisho akainama akamnusa mdomo, na Komeo akamwona mkewe akibadilika rangi.

"Huyu hakupigwa," alisema polepole. "Huyu kanyweshwa sumu."

"Sumu?"

"Nimefanya kazi chumba cha dharura miaka tisa. Wanaletwa hivi hivi, waliokunywa dawa ya wadudu." Tayari alikuwa anamlaza Kiberiti ubavu na kumsafisha mdomo kwa kidole. "Kala nini? Kanywa nini? Yeyote aliyemwona aseme!"

Komeo akakumbuka.

Dakika ya sabini. Wageni wana kona. Kiberiti yuko kando ya nguzo ya goli, ulimi nje, anamtania kama kawaida yake: "Shemeji, hata maji unaninyima? Nitakushtaki kwa dada." Naye Komeo, ambaye tangu kipindi cha pili kianze hakuwa amepata nafasi ya kunywa, aliiokota chupa yake nyuma ya nyavu akamrushia. Kiberiti aliimaliza yote, akakunja uso, akasema, "Maji yenu machungu kama roho zenu." Wakacheka wote wawili.

"Nilimpa mimi," alisema Komeo.

"Nini?"

"Maji. Nilimpa kwa mkono wangu. Aliniomba, nikampa. Chupa ilikuwa yangu."

Nje watu walikuwa wameanza kugonga mlango. Ndani, wote watatu walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na refa ndiye aliyelitamka.

"Basi sumu haikuwa yake. Ilikuwa yako."

Komeo akamgeukia mkewe. "Chupa zote unajaza wewe."

"Yako sikuijaza!" alisema muuguzi, na macho yakamtoka. "Wakati wa mapumziko nilikuwa nafunga goti la winga. Kocha akaja, akaichukua. Akasema, 'Muuguzi, shughulika na majeruhi, ya kipa nitampelekea mwenyewe.' Nikashukuru. Nikamwambia ahsante, mimi!"

Kocha.

Komeo alikumbuka Alhamisi baada ya mazoezi. Kocha alimshika bega, akamwambia wale wageni wakipanda wamemwahidi kazi, tena kazi ya ligi kuu, na kwamba kipa mwenye akili hawezi kukosa nafasi huko. "Hata ukifungwa Jumamosi, dunia haiishi." Komeo alicheka. Alidhani anapimwa. Akajibu kwamba goli lake Jumamosi litafungwa kwa makomeo mawili, akaenda zake kuoga. Sasa akawaeleza wenzake hayo yote haraka haraka.

Mlango ukapasuka.

Benchi liliruka likamkumba refa. Waliingia wanne, wenye fulana za ulinzi, na Nyundo nyuma yao, uso mzima damu. Wa kwanza alimrukia Komeo. Komeo akamkaribisha kwa goti la tumbo, akamkamata nywele kwa mkono mzima na kumgongesha kwenye sinki. Sinki likang'oka, maji yakaruka. Wa pili akamfuata refa kule sakafuni, na mwalimu mkuu, mtu aliyekuwa hajapigana tangu utoto, akamng'ata kidole na hakukiachia hata alipopigwa ngumi mbili za kichwa. Muuguzi alisimama juu ya mdogo wake na mkasi wa kukatia bandeji.

"Atakayemkanyaga huyu namtoboa jicho! Njoo! Njoo uone!"

Hakuna aliyekwenda.

Nyundo ndiye aliyemfikia Komeo. Alimkaba koo kwa mikono miwili, akambana ukutani hadi visigino vikaacha sakafu. Komeo alimpiga mbavuni mara moja, mara mbili. Ilikuwa kama kupiga jokofu. Masikio yakaanza kuvuma.

"Umenivunja pua," alisema Nyundo. "Kwa ajili ya refa!"

"Nyundo!" Muuguzi alipiga ukelele uliowasimamisha wote. "Unamuua aliyekataa kuiuza timu! Aliyeiuza ni kocha! Katia sumu maji ya Komeo, na mdogo wangu ndiye aliyeyanywa!"

Mikono ya Nyundo haikulegea. Lakini haikukaza zaidi.

"Sema tena."

"Kocha. Wageni wamemwahidi kazi. Alitaka kipa wenu aanguke."

Nyundo alisimama vile vile, maji ya sinki yakimpita miguuni. Unaweza kumwona mtu anayefikiri kwa shida, jinsi paji la uso linavyofanya kazi.

"Dakika ya sitini na tano," alisema mwishowe, kama anaongea na nafsi yake, "nilimkuta kipa wa akiba anapasha misuli. Yule ambaye hata mpira wa mkononi humponyoka. Nikamuuliza kocha, kwani Komeo kaumia? Akatazama saa yake. Akaniambia, 'Bado.'"

Akamwachia. Komeo akateremka ukutani akikohoa, hewa inamwingia kama miiba.

"Akaniambia 'bado,'" Nyundo alirudia. Kisha akawageukia vijana wake na kunguruma. "Ng'oeni huo mlango wa pembeni! Mlazeni mgonjwa juu yake! Na atakayemgusa refa tena atanijua mimi!"

Yule mlinzi mwenye kidole kilichong'atwa alitaka kulalamika, akaona uso wa Nyundo, akaahirisha.

Walitoka hivyo: Kiberiti juu ya mlango, wanaume wanne chini yake, Nyundo mbele na bomba lake anapasua njia, refa kaachwa ndani chini ya walinzi wengine. Waliochelewa kupisha walipishwa. Gari la wagonjwa lilikuwa nyuma ya goli la pili, king'ora kimezimwa, dereva kakaa ndani kafunga vioo vyote. Muuguzi alipanda na mdogo wake. Kabla ya kufunga mlango alimshika Komeo jezi kifuani.

"Sikiliza, baba watoto. Hizi dawa ni za aina nyingi, na tiba zake hazifanani. Wakikosea, wanammaliza wao. Nitafutie jina. Nitafutie kichupa chenyewe ukiweza."

"Una muda gani?"

"Nusu saa. Baada ya hapo siahidi kitu."

Aliutazama mkono wa kushoto wa mumewe, ulivyovimba ndani ya glavu.

"Lile kofi..."

"Nenda," alisema Komeo.

Gari likaondoka. King'ora kikaanza kulia.

Ujue, Nyundo alikuwa na vijana zaidi ya thelathini uwanjani, na kila mmoja alikuwa na mdomo. Kabla gari halijafika getini, habari ilikuwa imezunguka jukwaa zima: kocha kaiuza timu, kocha kamtilia kipa sumu. Wale wale waliokuwa wanamtafuta refa wakageuka kwa pamoja, wakaelekea maegesho.

Komeo alisikia kioo kinapasuka, akaelewa.

"Wamempata," alisema Nyundo, na kwa mara ya kwanza jioni ile alitabasamu.

"Wakimuua, nani atanipa jina la dawa?"

Tabasamu likaisha. Wakakimbia wote wawili.

Gari la kocha lilikuwa limepinduliwa, magurudumu juu, moja bado linazunguka. Kocha mwenyewe alikuwa katikati ya duara la watu, suti ya mazoezi imechanika hadi kiunoni. Mtu alimpiga na ubao. Akaanguka. Mwingine alimwinua kwa masikio ili apigwe tena. Alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa anatoa tu sauti fupi kwa kila pigo, kama mtu anayehesabu.

Komeo hakupoteza muda kusema na umati. Aliinamisha kichwa akaingia katikati kama anavyoingia kwenye msongamano wa kona, viwiko mbele, akajitupa juu ya kocha na kumfunika kwa mwili wake. Ubao ukamtua mgongoni. Teke likampata kwenye ule mkono uliovunjika, na hapo alipiga yowe ambalo hata yeye hakulitambua.

"Ni kipa! Mnampiga kipa!"

"Mtoeni! Ana wazimu!"

Bomba la Nyundo likalia juu ya bati la gari, mara tatu. Watu wakarudi nyuma.

Chini yake, Komeo alikuwa uso kwa uso na mtu aliyetaka kumuua. Jicho moja la kocha lilikuwa limefungwa kabisa.

"Dawa gani?" aliuliza Komeo.

"Nisaidie... Komeo, mwanangu, wataniua..."

"Dawa gani!"

"Ilikuwa ya kukulegeza tu. Kidogo tu. Naapa, ulikuwa uharishe, utoke nje, basi..."

Komeo aliinua mkono wa kulia, akafumba ngumi. Ngumi hiyo ilikuwa imepangua mipira miaka kumi na saba, na kocha aliifahamu kuliko mtu yeyote.

"Mfuko," alisema haraka. "Mfuko wa ndani wa begi. Garini."

Nyundo alivunja kioo kilichobaki, akavuta begi, akalimwaga lote chini. Soksi, daftari la mbinu, na kichupa kidogo cha njano chenye picha ya mdudu kalala miguu juu. Kilikuwa kitupu, lakini karatasi yake ilisomeka.

Komeo alikidaka. Dakika kumi zimepita, aliwaza. Hospitali si mbali. Zimebaki ishirini, zinatosha. Kwa mara ya kwanza tangu Kiberiti aanguke, alivuta pumzi hadi mwisho.

Hapo simu ikaita.

Ilikuwa inaita kwenye suti ya kocha, na kocha akaibana kwa mikono yote miwili kama mtu anayeziba jeraha. Nyundo akamkanyaga kiganja. Komeo akaichukua. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: *Dereva*.

Glavu ilimzuia. Akaivua kwa meno, akagusa, akaweka sikioni bila kusema kitu.

"Kocha?" Sauti ilikuwa ya haraka, ya chini. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa injini tu. King'ora kilikuwa kimezimwa. "Kocha, kuna tatizo. Aliyeanguka si yule uliyesema. Nimempakia huyu mwingine, na huyu muuguzi kakataa kushuka. Naendelea kule kule tulikopatana, au?"

Kisha, mbali ndani ya simu, akasikia kiganja kinapiga ukuta wa bati, na sauti aliyoamka nayo kila siku kwa miaka kumi na moja:

"Dereva! Dereva, mbona hospitali tumeipita?"

Komeo alikohoa. Akaikwaruza sauti yake, akaitoa puani, vile wachezaji walivyozoea kumwigiza kocha bafuni.

"Geuza gari. Wapeleke hospitali."

"Hospitali? Lakini wewe mwenyewe ulisema wasimpime damu..."

"Nimesema geuza!"

"Si mimi!" Kocha alipasua sauti kutoka chini, damu ikimruka mdomoni. "Usimsikilize! Si mimi huyo! Kata simu!"

Nyundo alimnyamazisha kwa kisigino, lakini alichelewa. Simu ilikuwa imekatika. Komeo akapiga tena. Ikaita mara moja, ikazimwa.

"Mnapeleka wapi watu?" Alimkamata kocha shingoni. "Mlipatana wapi? Ongea!"

Kocha alikuwa amezimia.

Gurudumu la gari lililopinduliwa liliendelea kuzunguka, polepole, likasimama. Komeo alisimama na kichupa cha njano kwenye mkono mmoja na mkono wa pili ukining'inia, akitazama barabara kama mtu aliyepigwa na radi.

Pikipiki ikaunguruma nyuma yake. Nyundo alikuwa juu, pua imelala upande mmoja, bomba la chuma kalipachika mgongoni kwenye mkanda.

"Gari kubwa jeupe, lina dakika kumi mbele yetu," alisema. "Na barabara ikishapita hospitali haina nyumba hata moja hadi machimbo ya kokoto."

Akatema damu chini.

"Panda, kipa. Ukishindwa kunishika kwa mkono, nishike kwa meno."